Gavana hulipa nani kwanza? California katika mdororo wa uchumi wa 2008–2010

Tarehe 2 Julai 2009, ofisi ya Mdhibiti wa Fedha wa jimbo la California ilianza kutuma hati za ahadi badala ya hundi. Mtu aliyekuwa akidai marejesho ya kodi yake ya mapato alipokea karatasi iliyofanana na hundi ya kawaida, ila nyuma yake hapakuwa na pesa. Iliahidi tu kwamba jimbo lingemlipa ifikapo tarehe 2 Oktoba, pamoja na riba ya asilimia 3.75 kwa mwaka. Benki nyingi kubwa zilizipokea hadi Julai 10, kisha zikakataa. Ulipofika Septemba, hati takriban 450,000 zenye thamani ya dola bilioni 2.6 zilikuwa zimeshatolewa.

Hati hizo hazikutolewa kwa kila mtu, na hapo ndipo penye somo. Shule za umma zililipwa fedha taslimu. Wenye hatifungani za jimbo walilipwa taslimu. Mishahara ya watumishi na michango ya pensheni ililipwa taslimu. Waliopewa karatasi ni walipakodi waliosubiri marejesho, wafanyabiashara walioliuzia jimbo bidhaa na huduma, na serikali za kaunti zilizotegemea fedha za kuendesha huduma za jamii. Gavana Arnold Schwarzenegger hakuupanga mstari huo kwa hiari yake. Katiba ya California inasema elimu ya umma hulipwa kwanza, deni la hatifungani linafuata, na mishahara inalindwa na sheria ya kazi ya serikali ya shirikisho. Wengine wote hugawana kinachobaki.

Hotuba ya gavana inaweza kutaja vipaumbele ishirini bila kumgharimu kitu. Mpangilio wa malipo hauna nafasi hiyo. Anayetaka kuelewa gavana yeyote wa Marekani anafanya nini uchumi unapoanguka, na kwa nini maelezo yake kwa wananchi mara nyingi hayaingii masikioni, aanze na mstari huo wa malipo.

Mamlaka yenye kamba

Msomaji wa Kenya anapokutana na neno gavana humfikiria kiongozi wa kaunti, ambaye sehemu kubwa ya bajeti yake ni mgao kutoka Nairobi. Katiba ya 2010 inazihakikishia kaunti zote kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wa Tanzania atamfikiria mkuu wa mkoa, anayeteuliwa na Rais. Gavana wa jimbo la Marekani yuko mbali na wote wawili. Jimbo lake lina kodi zake lenyewe, sheria zake za kodi, mahakama, magereza na vyuo vikuu. Uchumi ukianguka, pigo linampata moja kwa moja kupitia kodi hizo, wala hasubiri mtu wa juu amwambie mgao umepungua.

Lakini hana silaha alizonazo Rais. Hachapishi fedha. Majimbo yote isipokuwa Vermont yana sharti la kisheria, la namna moja au nyingine, la kusawazisha bajeti. California yenyewe ilikaza kamba hiyo mwaka 2004 kupitia Pendekezo 58, moja ya mapendekezo ya sheria ambayo wananchi wenyewe huyapigia kura, lililoamuru bajeti iliyosawazishwa na kupiga marufuku kukopa kwa hatifungani ili kuziba nakisi ya mwisho wa mwaka. Sheria ya ufilisi ya Marekani nayo haiyahusu majimbo: jiji linaweza kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, jimbo haliwezi.

Tatizo ni kwamba mapato na mahitaji huachana wakati mmoja. Tazama nyumba moja. Baba anafutwa kazi kwenye kampuni ya ujenzi. Mwezi huohuo jimbo linapoteza kodi iliyokuwa ikikatwa kwenye mshahara wake. Familia inaahirisha kununua friji na matairi, kwa hiyo kodi ya mauzo inapungua. Bima ya afya iliyotoka kwa mwajiri inakatika, na watoto wanaandikishwa Medi-Cal, mpango wa matibabu kwa watu wa kipato cha chini. Baba anajiandikisha chuo cha jamii ajifunze ufundi mwingine, na gharama za chuo hicho hulipiwa sehemu kubwa na jimbo. Mtu mmoja amefutwa kazi, lakini bajeti imeguswa sehemu nne. Mwaka 2010 ukosefu wa ajira California ulikuwa umepita asilimia 12.

Hapo juu yake kuna udhaifu wa California hasa. Zaidi ya nusu ya mfuko wake mkuu, yaani fungu kuu la bajeti ya jimbo, hutokana na kodi ya mapato ya watu binafsi, na katika miaka ya neema karibu nusu ya kodi hiyo hulipwa na asilimia moja ya walipakodi, wale wenye kipato kikubwa zaidi. Pesa za watu hao hutegemea sana faida za hisa na mauzo ya mali. Soko la hisa likiporomoka, faida hizo hazipungui kidogokidogo, zinayeyuka. Mapato ya mfuko mkuu yalikuwa takriban dola bilioni 102 katika mwaka wa fedha wa 2007–08. Mwaka uliofuata yalikuwa bilioni 83 hivi. Hakuna kubana matumizi ya ofisini kunakoweza kufidia anguko la namna hiyo, hata ukifuta safari zote na chai yote.

Kwa nini kukata si rahisi kama inavyosikika

Mfuko mkuu wa California kwa sehemu kubwa kabisa huenda mahali panne: shule za msingi na sekondari (karibu asilimia 40), afya na huduma za jamii (karibu asilimia 30), vyuo, na magereza. Shule zinalindwa na Pendekezo 98 la mwaka 1988, ambalo huziwekea kiwango cha chini kwa hesabu ya kikatiba. Magereza yalikuwa chini ya amri za mahakama za shirikisho kuhusu matibabu ya wafungwa. Kwa hiyo gavana anaposema atapunguza matumizi, macho huelekea haraka kwenye afya na vyuo, hata kama hakutaka.

Afya ina mtego wake. Gharama za Medi-Cal hugawanywa kati ya jimbo na serikali ya shirikisho, na kwa kawaida California hulipa nusu. Ukifuta huduma ya dola moja, jimbo linaokoa senti 50 na kupoteza senti 50 za serikali ya shirikisho. Sheria ya kufufua uchumi iliyosainiwa na Rais Obama tarehe 17 Februari 2009 ilipandisha sehemu ya shirikisho hadi asilimia 61.59 kwa California. Msaada mkubwa huo, ila uligeuza hesabu ya kukata kuwa mbaya zaidi: ili jimbo liokoe dola moja ya kwake, lilipaswa kuondoa huduma za takriban dola 2.60. Sheria hiyohiyo ililikataza jimbo kukaza masharti ya kuandikishwa kuliko yalivyokuwa tarehe 1 Julai 2008. Kilichobaki kukatwa ni huduma ambazo sheria ya shirikisho inaziita za hiari.

Ndipo Julai 2009 matibabu ya meno kwa watu wazima yakaondolewa Medi-Cal, isipokuwa kwa makundi machache. Kwenye jedwali la bajeti ulikuwa mstari mmoja. Kwa mtu mwenye jino lililooza ulikuwa uamuzi wa kuvumilia mpaka uso uvimbe, kisha kukimbilia chumba cha dharura hospitalini, ambako atapewa dawa ya maumivu na antibayotiki lakini jino halitang'olewa. Safari za aina hiyo ziliongezeka baada ya mkato huo. Huduma ilirudishwa kwa sehemu mwaka 2014 na kwa ukamilifu mwaka 2018. Mkato wa mwaka mmoja wa shida ulikaa karibu miaka tisa, na hili ni jambo ambalo wapanga bajeti wangepaswa kulisema waziwazi tangu siku ya kwanza: kinachokatwa kwa haraka hurudi polepole sana.

Likizo za lazima bila malipo kwa watumishi zilionekana njia rahisi. Schwarzenegger aliziamuru kwa siku mbili kwa mwezi kuanzia Februari 2009, akaongeza ya tatu Julai. Siku tatu katika mwezi wenye siku 21 za kazi ni sawa na kupoteza asilimia 14 ya mshahara. Kasoro ilikuwa kwenye nani aliguswa. Watumishi waliotathmini maombi ya mafao ya ulemavu hulipwa kwa fedha za shirikisho asilimia 100. Kuwakalisha nyumbani hakukuokoa hata senti moja ya mfuko mkuu, na walemavu wakasubiri zaidi. Askari magereza nao hawangeweza wote kukaa nyumbani Ijumaa ya likizo, kwa sababu mfungwa haendi likizo, kwa hiyo siku zao zililimbikizwa kuwa deni la baadaye. Vyama vya wafanyakazi vilifungua kesi nyingi. Oktoba 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo iliziruhusu likizo hizo, si kwa sababu gavana ana mamlaka hayo peke yake, bali kwa sababu Bunge lilikuwa limeziidhinisha kupitia bajeti ya Februari 2009. Amri ya namna hii inayotolewa kwa wote bila kuuliza mshahara wa nani unatoka mfuko gani huumiza watu bila kuokoa fedha.

Zipo pia mbinu za kalenda. Katika makubaliano ya Julai 2009, mshahara wa Juni 2010 ulisogezwa kutoka Juni 30 hadi Julai 1. Siku moja tu, lakini mwaka wa fedha huisha Juni 30, kwa hiyo mwaka ukaonekana una miezi kumi na moja ya mishahara. Kuanzia Novemba 1, kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya watu iliongezwa kwa asilimia 10. Kodi yenyewe haikupanda. Jimbo lilichukua mapema pesa ambayo lingedaiwa kurejesha mwakani. Serikali za mitaa zilichukuliwa karibu dola bilioni 2 za kodi ya majengo na ardhi, kwa mkopo. Mbinu hizi hazikuumiza shule wala hospitali siku ile, na pengine ndiyo sababu zilipita. Lakini imani ya wakopeshaji ilikuwa imeshatikisika. Mapema Julai hiyohiyo, kabla ya makubaliano hayo, Fitch, kampuni inayopima uwezo wa kulipa madeni, ilishusha daraja la mkopo la California hadi BBB.

Thuluthi mbili

Kalenda ya bajeti ya California ni hii: gavana huwasilisha mapendekezo ndani ya siku kumi za kwanza za Januari, huyarekebisha katikati ya Mei baada ya kuona makusanyo ya Aprili, Bunge linatakiwa kupitisha kufikia Juni 15, na mwaka unaanza Julai 1. Mdororo hauiheshimu kalenda hiyo. Novemba 2008 Schwarzenegger alilazimika kuita kikao maalumu cha Bunge, chini ya miezi miwili baada ya kusaini bajeti iliyokuwa tayari imechelewa.

Bunge lina Baraza la wajumbe 80 na Seneti ya wajumbe 40. Wakati huo bajeti ilihitaji thuluthi mbili, yaani kura 54 na 27, na kupandisha kodi kumehitaji thuluthi mbili tangu Pendekezo 13 la mwaka 1978. Sharti hilo lilimfanya mjumbe mmoja wa mwisho kuwa na nguvu kuliko gavana. Februari 2009, pengo likiwa limefika takriban dola bilioni 42 kwa kipindi cha hadi Juni 2010, kura ya mwisho katika Seneti ilitoka kwa Abel Maldonado, Mrepublican, ambaye bei yake ilikuwa wananchi wapigie kura mfumo mpya wa uchaguzi wa mchujo. Alipata. Jimbo likapata senti moja zaidi kwenye kila dola ya mauzo, ada ya magari kutoka asilimia 0.65 hadi 1.15 ya thamani ya gari, na nyongeza ya robo ya asilimia kwenye kodi ya mapato. Sheria ya thuluthi mbili kwa bajeti iliondolewa na wapigakura Novemba 2010. Ile ya kodi ipo hadi leo.

Gavana ana chombo kimoja ambacho hahitaji kura ya mtu: anaweza kufuta au kupunguza kiasi fulani ndani ya bajeti anaposaini. Julai 28, 2009, baada ya Bunge kukataa baadhi ya vyanzo vya fedha, Schwarzenegger alikata takriban dola milioni 489 kwa kalamu yake, zikiwemo fedha za ulinzi wa watoto na za kupambana na UKIMWI. Hapo hawezi kusema alilazimishwa na Katiba. Kati ya maamuzi yote ya mwaka ule, hayo ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi vipaumbele vyake mwenyewe.

Kuongea na wananchi: kura ya Mei 2009 na makosa yake

Makubaliano ya Februari yalitegemea wananchi wayaidhinishe kwa kura maalumu ya Mei 19, 2009. Mapendekezo yalikuwa sita. La 1A liliunda mfuko mkubwa wa akiba, likaweka kikomo cha matumizi, na ndani yake likabeba kurefusha kodi mpya kwa hadi miaka miwili zaidi. La 1B liliahidi shule dola bilioni 9.3, lakini halingefanya kazi 1A likishindwa. La 1C lilikopa dola bilioni 5 dhidi ya mapato ya bahati nasibu ya jimbo. La 1D na 1E yalichukua fedha ambazo wapigakura wenyewe walikuwa wamezitenga kwa watoto wadogo na kwa afya ya akili. La 1F lilizuia wabunge na viongozi kuongezewa mshahara katika miaka ya nakisi.

Matano ya kwanza yalianguka. La 1F likapita kwa karibu robo tatu ya kura. Waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 30 ya walioandikishwa.

Wapo walioyaita matokeo hayo ubinafsi wa wapigakura. Si haki. Mtu aliyefungua kijitabu cha uchaguzi alikuta pendekezo linaloitwa la akiba, lenye kodi ndani yake, linalotegemewa na pendekezo la pili, na ambalo wapinzani wa kodi na vyama kadhaa vya wafanyakazi walilipinga kwa sababu zinazopingana. Hakukuwa na mahali aliposoma kwa sentensi moja: ukikataa, hiki kitakatwa, kiasi hiki, tarehe hii. Kampeni ilimwomba aamini. Na aliombwa na viongozi walewale ambao bajeti yao ya Septemba ilikuwa imeshabomoka ndani ya miezi miwili. Pengo lililofunuka baada ya hapo lilifika takriban dola bilioni 24, na ndilo lililozaa hati za ahadi za Julai.

Kiangazi hicho gavana alitumia Twitter sana, na Agosti jimbo likafanya mnada mkubwa wa mali zake chakavu mjini Sacramento: magari, kompyuta, samani. Baadhi ya magari yalikuwa na saini ya Schwarzenegger kwenye kizuia jua cha dereva. Mrithi wake, Jerry Brown, alifanya lake Januari 2011 kwa kuamuru simu za mkononi 48,000 zirudishwe, nusu ya zote zilizolipiwa na jimbo, kwa makisio ya kuokoa dola milioni 20 kwa mwaka. Pengo alilokuta lilikuwa dola bilioni 25. Hatua kama hizi zina kazi halali: zinawaambia wananchi kwamba mkubwa naye anafunga mkanda. Zinadhuru pale mwananchi anapobaki akidhani pengo lingeweza kuzibwa na simu na magari, maana siku akiambiwa kodi ipande atauliza kwa nini hawakuuza magari zaidi.

Washington, jimbo la kaskazini, lilijaribu njia nyingine

Mwaka 2002, katika mdororo uliotangulia, gavana Gary Locke wa jimbo la Washington alikabiliwa na pengo la zaidi ya dola bilioni 2 kwa bajeti ya miaka miwili. Badala ya kuuliza kila idara itapunguza nini kutoka bajeti ya mwaka jana, timu yake iliorodhesha matokeo ambayo wananchi wanayataka, kama watoto kufaulu shuleni, usalama wa watu na mali, na afya. Kila tokeo likapewa kiasi cha fedha, na vikundi vikaambiwa vinunue shughuli kwa kiasi hicho, kuanzia yenye manufaa zaidi. Fedha zilipokwisha, mstari ulichorwa. Kilichokuwa chini ya mstari kilionekana na kila mtu. Njia hii haikuwafurahisha wote, hata kidogo, kwani walimu walipoteza nyongeza za mshahara ambazo wapigakura walikuwa wameziidhinisha. Faida yake ni kwamba mwananchi aliyelalamika angeweza kuulizwa: basi kipi kilicho juu ya mstari kishuke?

Miaka minane baadaye, gavana Christine Gregoire alikuwa na tatizo kubwa zaidi katika jimbo hilohilo, ambalo halikuwa na kodi ya mapato ya mishahara na lilitegemea mno kodi ya mauzo. Mwaka 2010 Bunge lilitoza kodi kwenye peremende, soda na maji ya chupa. Ufafanuzi wa kisheria ulisema bidhaa yenye unga si peremende. Kwa hiyo kipande cha chokoleti tupu kilitozwa kodi, na Kit Kat, yenye biskuti ndani, haikutozwa. Muuza duka alipaswa kusoma viambato vya kila pakiti. Kampuni za vinywaji zikamwaga mamilioni ya dola kwenye kampeni, na Novemba wapigakura wakaifuta kodi hiyo. Kodi ambayo mwenye duka hawezi kumweleza mteja wake kwenye kaunta haidumu, hata kama kiasi chake ni kidogo.

Mawasiliano yanayomfikia aliyefutwa kazi

Mikutano ya bajeti huandikwa sana magazetini. Kazi inayookoa watu zaidi haiandikwi. Sheria ya shirikisho humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda au kupunguza watu kwa wingi. California inashusha kiwango hadi 75. Notisi hiyo ndiyo inayoiwezesha timu ya jimbo na kaunti kufika kiwandani wakati watu bado wako pamoja, na kuwaeleza mafao, bima ya afya na mafunzo. Wakishatawanyika, wengi hawafikiki tena. Kwa hiyo siku hizo 60 zina thamani kuliko tangazo lolote la redio.

Kwa wenye kampuni ndogo kuna mpango wa kugawana kazi, ambao California ilikuwa ya kwanza Marekani kuuanzisha, mwaka 1978. Mwajiri hafukuzi mtu. Anapunguza saa za wote, kuanzia asilimia 10. Tuseme mfanyakazi angestahili mafao ya dola 400 kwa wiki kama angefutwa kazi. Saa zake zikipunguzwa siku moja kati ya tano, analipwa mshahara wa siku nne pamoja na asilimia 20 ya mafao, yaani dola 80. Anabaki kazini, na mwajiri habaki akitafuta fundi mpya uchumi ukirudi. Tatizo la mpango huu halijawahi kuwa fedha. Ni kwamba waajiri wengi hawaujui mpaka wakati barua za kufukuza zimeshachapishwa. Gavana anayetafuta jambo la kurudia katika kila mkutano na wafanyabiashara angeanza na hilo.

Kisha kuna simu. Mwanzoni mwa 2009 laini za kuomba mafao ya ukosefu wa ajira zilizidiwa California na kwingineko, watu wakipiga siku nzima bila kujibiwa. Bunge la shirikisho lilirefusha mafao kwa awamu, hadi wiki 99 kwa jumla, na kila awamu ilikuwa na masharti yake na fomu zake. Kila nyongeza ilizaa wimbi jipya la maswali, kwa laini zilezile. Lugha nayo: sheria ya California ya mwaka 1973 huzitaka ofisi za jimbo kuhudumia kwa lugha ya kundi lolote linalofikia asilimia 5 ya wateja wao, na lugha ndogo zaidi, Kiswahili ikiwemo, hutegemea wakalimani wa simu ambao mwombaji ana haki ya kuwaomba bila malipo katika huduma zinazopokea fedha za shirikisho. Wengi hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Pendekezo 30

Novemba 2012 Brown alirudi kwa wapigakura na ombi la kodi. Tofauti na Mei 2009, pendekezo lilikuwa moja na bei zake mbili: robo ya senti kwenye kodi ya mauzo kwa miaka minne, na kodi zaidi kwa wenye kipato cha juu ya dola 250,000 kwa miaka saba. Na bajeti iliyokwisha kusainiwa ilikuwa na mikato ya karibu dola bilioni 6, karibu yote kwenye shule na vyuo, ambayo ingeanza yenyewe pendekezo likishindwa. Mzazi hakuhitaji kumwamini gavana. Angeweza kupiga simu wilaya ya shule ya mwanawe akauliza siku ngapi za masomo zitafutwa. Lilipita kwa asilimia 55. Mwaka 2014 wapigakura wakaidhinisha mfuko wa akiba wenye meno zaidi, Pendekezo 2, unaolilazimu jimbo kuweka pembeni sehemu ya mapato ya faida za mitaji katika miaka ya neema.

Jambo moja lilibaki bila kuguswa. Mfuko wa mafao ya ukosefu wa ajira hulipiwa na waajiri kwa kodi inayotozwa kwenye dola 7,000 za kwanza za mshahara wa mfanyakazi, kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria ya shirikisho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 California ilipandisha mafao ya juu kutoka dola 230 hadi 450 kwa wiki bila kuigusa hiyo 7,000. Mfuko ulikauka, na Januari 2009 jimbo likaanza kukopa kutoka serikali ya shirikisho, deni likapita dola bilioni 10. Deni kama hilo lisipolipwa kwa wakati, serikali ya shirikisho huwatoza waajiri wa jimbo zima dola 21 za ziada kwa kila mfanyakazi, na kila mwaka huongeza 21 nyingine. California ilianza kutozwa kwa mwaka 2011. Kufikia mwaka 2017 nyongeza ilikuwa dola 147 kwa kila mfanyakazi, juu ya dola 42 za kawaida. Deni lilimalizika 2018, msingi wa dola 7,000 ukiwa palepale. Mwaka 2020 korona ilipofunga biashara, California ilikopa tena, safari hii karibu dola bilioni 20.